Kukwangua Rangi ya Zamani Yenye Risasi

Rangi ya zamani yenye madini ya risasi haina madhara makubwa ikiwa bado imeshika vizuri ukutani; hatari huanza inapobanduka, au inaposuguliwa na madirisha na milango kila inapofunguliwa, kwa kuwa vumbi lake huangukia sakafuni ambako watoto hutambaa na kutia mikono mdomoni.

Kabla ya kazi, watoto na wajawazito waondoke, vyombo vitolewe, na sakafu ifunikwe kwa nailoni nzito. Lowesha rangi kwa maji kabla ya kukwangua na wakati wote wa kukwangua. Usitumie kamwe msasa mkavu, mashine ya kusugulia wala moto wa gesi, hata fundi akidai kwamba ndiyo njia ya haraka, maana mvuke na vumbi hilo huathiri ubongo wa mtoto, na athari hiyo haiponi.

Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa yenye kichujio cha vumbi laini. Mwishoni usifagie, bali pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha upake rangi isiyozidi sehemu 90 za risasi kwa milioni, kiwango kinachoruhusiwa Kenya.