Kubadili mtutu wa raifo kwenda kaliba nyingine Uingereza: karatasi kwanza, mashine baadaye

Fundi bunduki aliyezoea kazi hahitaji muda mrefu kufungua mtutu wa zamani na kufunga mpya. Wiki huliwa na makaratasi. Mwongozo huu ni wa England, Wales na Scotland, ambako Sheria ya Silaha ya 1968 ndiyo inayotumika. Ireland Kaskazini ina sheria yake na utaratibu wake. Mfano tutakaofuata ni bunduki ya kaliba (aina ya risasi na kipenyo chake) .243 Winchester inayogeuzwa kuwa 6.5 Creedmoor.

Kwanza ujue kwa nini ruhusa inahitajika. Cheti cha silaha, kinachotolewa na polisi, huandika kaliba ya kila bunduki. Namba iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki inaweza kubaki ile ile, kitako kile kile na darubini ile ile, lakini kaliba ikibadilika umeshika silaha isiyomo kwenye cheti chako. Zaidi ya hapo, mtutu peke yake ni sehemu inayodhibitiwa kama bunduki nzima, sawa na komeo (kinachofunga risasi ndani) na mwili wenyewe. Kumiliki kimojawapo bila ruhusa ni kosa linaloweza kufikia kifungo cha miaka 5. Ukibadilisha mtutu wa .243 kwa mwingine wa .243, fundi aliyesajiliwa hufanya kazi na kubaki na ule wa zamani, na cheti hakiguswi. Kaliba ikibadilika, ombi la mabadiliko ya cheti ni lazima.

Hatua ya 1: Amua mtutu wa zamani unakwenda wapi

Uamuzi huu ndio unaochagua aina ya ombi, kwa hiyo ufanye kabla ya kugusa fomu.

Njia ya kwanza ni moja itoke, moja iingie. Ruhusa ya .243 inafutwa, ya 6.5 inaandikwa. Idadi ya silaha kwenye cheti haiongezeki, na kwa sababu hiyo hakuna ada. Mtutu wa zamani unabaki kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa (fundi wako anaweza kuwa ndiye), ambaye atauingiza kwenye daftari lake au kuuharibu.

Njia ya pili ni kubaki na mitutu yote miwili na kuibadilisha kwa zamu. Hapa mtutu wa ziada unachukua nafasi yake kwenye cheti. Utalipa ada ya mabadiliko, utatoa sababu ya kuhitaji kaliba zote mbili, na mtutu usiotumika utakaa kwenye kabati la chuma kama bunduki.

Wengi hukosea katikati ya njia hizi: wanaomba ya kwanza, halafu wanarudi nyumbani na mtutu wa zamani kama kumbukumbu. Mtutu uliochakaa hadi mifereji yake ya ndani imefutika bado ni mtutu mbele ya sheria. Ukiutaka ukutani, uandikwe kwenye cheti au uharibiwe kwa kiwango rasmi na upate hati yake.

Hatua ya 2: Hakikisha mashine inakubali kabla ya kuandika kaliba

Kitako cha ganda la .243, 6.5 Creedmoor, 7mm-08 na .308 kina kipenyo kile kile, takriban milimita 12. Komeo moja linazihudumia zote. Ukitoka .223, yenye kitako cha milimita 9.6, kwenda .308, utahitaji komeo jingine, nalo ni sehemu inayodhibitiwa, kwa hiyo litajwe kwenye ombi. .300 Winchester Magnum ni kubwa zaidi, milimita 13.5, na mwili mfupi haumezi urefu wake. Pata jibu la fundi kwa maandishi. Kuomba kaliba ambayo bunduki yako haiwezi kuibeba kunakurudisha mwisho wa foleni.

Mtutu wenyewe usipungue sentimita 30, na bunduki nzima isipungue sentimita 60. Chini ya hapo inaingia kwenye kundi la silaha zilizopigwa marufuku. Mtutu wa inchi 20 ni karibu sentimita 51, uko mbali na mpaka.

Hatua ya 3: Jenga sababu

Polisi wanataka sababu nzuri ya kaliba hiyo, na "nimeipenda" haitoshi. Kwa mwindaji wa kulungu England na Wales, sheria inataka kaliba isiyopungua inchi .240 na nishati ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu isiyopungua futi-pauni 1,700, yaani karibu jouli 2,305. Kwa muntjac (kulungu mdogo) na kulungu wa maji wa Kichina kiwango ni chini: .220, futi-pauni 1,000, kichwa cha risasi cha greni 50 (greni ni kipimo cha uzito). Scotland ina agizo lake, linaloangalia pia mwendo na uzito wa kichwa. 6.5 Creedmoor inavuka viwango vya England bila shida, na .243 pia inavuka, kwa hiyo usijenge hoja kwa kudai ya zamani haitoshi kisheria. Eleza faida halisi: kichwa kizito zaidi kwa wanyama wakubwa, upepo kukisumbua kidogo, mtutu wa sasa kuisha. Ambatisha barua ya mwenye ardhi. Kama cheti chako kinakufunga kwenye mashamba yaliyokaguliwa, taja kila shamba unalokusudia kutumia kaliba mpya.

Kwa mlenga shabaha, barua ya klabu iliyoidhinishwa inatosha mara nyingi. Ukielekea kwenye kaliba kubwa, uliza mapema kuhusu kiwanja: viwanja vya jeshi vina taratibu za ziada kwa risasi zinazovuka mita 1,000 kwa sekunde au jouli 4,500.

Hatua ya 4: Jaza Fomu 201V

Ni fomu ya kuomba mabadiliko ya cheti ulichonacho. Cheti hudumu miaka 5, na mabadiliko hayaongezi hata siku moja. Kama kimebakiza miezi michache, unganisha ombi na uhuishaji, maana mabadiliko yanayoombwa wakati huo hayana ada yake ya peke yake.

Kwenye ukurasa wa ziada andika wazi unachokusudia. Sentensi kama hii inafaa: "Bunduki namba fulani, kaliba .243 Win, itafungwa mtutu mpya wa kaliba 6.5 Creedmoor na muuzaji aliyesajiliwa namba fulani. Mtutu wa .243 utabaki kwake. Mwili, komeo na namba havibadiliki." Bila maelezo hayo, karani atadhani unauza bunduki moja na kununua nyingine, na atakuuliza mnunuzi ni nani.

Halafu omba vitu vitatu ambavyo watu husahau:

Risasi za kaliba mpya, kiwango cha kununua na kiwango cha kuwa nazo. Cha kuwa nazo kiwe kikubwa kuliko cha kununua, kwa mfano kununua 300 na kuwa nazo 400, la sivyo sanduku lililobaki nyumbani litakuzuia kununua jingine. Anayejaza risasi mwenyewe ahesabu pia za majaribio ya mwanzo.

Kizuia mlio, kama kimeandikwa kwenye cheti kwa kaliba ya .243. Tundu lake ni dogo kuliko kichwa cha 6.5, na hilo ni suala la usalama kabla ya kuwa la karatasi.

Sharti la matumizi. Nyuma ya ruhusa kuna maneno yanayosema bunduki ya kaliba fulani itatumika kwa kulungu, mbweha au shabaha. Omba yabadilishwe pamoja na kaliba.

Hatua ya 5: Tuma, na upange muda usio na cheti

Kitengo cha leseni za silaha kikitaka cheti halisi, hutaweza kununua risasi kwa kipindi hicho, kwani muuzaji hakubali nakala. Nunua za msimu kabla, ila si za .243 nyingi, kwa sababu inayoeleweka hatua inayofuata. Fundi anaweza kuagiza mtutu na kuuweka kwenye daftari lake wakati unasubiri. Asiufunge na kukukabidhi.

Ukikataliwa, rufaa ni ndani ya siku 21: mahakama ya Crown kwa England na Wales, mahakama ya sherifu kwa Scotland.

Hatua ya 6: Toa risasi za zamani nje ya nyumba

Cheti kipya kikifika bila .243, risasi za .243 hazina mwenyewe. Zipige kabla, mpe mtu ambaye cheti chake kina nafasi ya kaliba hiyo, au zipeleke kwa muuzaji. Kagua mifuko ya koti, mkoba wa uwindaji na sanduku la gari. Risasi moja inatosha kuwa kosa. Maganda matupu na vifaa vya kujazia unaweza kubaki navyo.

Hatua ya 7: Soma cheti kabla ya kumpigia fundi

Kisome kama unakagua mkataba. Kaliba iwe imeandikwa sawasawa, risasi zake ziwepo, kizuia mlio kiwepo, na sharti lisomeke 6.5. Kosa la kawaida ni bunduki kubadilishwa huku sharti likibaki na .243, kwa karatasi hiyo unamiliki bunduki usiyoruhusiwa kuwinda nayo. Irudishe isahihishwe.

Hatua ya 8: Kazi, upimaji na kukabidhiwa

Ukiiacha bunduki, chukua stakabadhi yenye namba ya usajili wa fundi. Askari akija kukagua kabati wakati huo, ndiyo jibu lako.

Mtutu mpya hupimwa kwa risasi za shinikizo la juu kwenye nyumba ya upimaji ya London au ya Birmingham, iliyoanzishwa 1813. Kuuza bunduki isiyopimwa ni kosa, hivyo hata kama hufikirii kuuza leo, lipia upimaji. Kipimo kinavuka shinikizo la juu la kaliba kwa asilimia 25, kwa 6.5 Creedmoor kikomo cha kawaida ni baa 4,350, wakati .243 ni baa 4,150. Mpangilio ni muhimu: chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu) ikatwe, uzi wa kizuia mlio ukatwe, ndipo ipelekwe na komeo lake. Ukichonga chuma baada ya muhuri wa upimaji, utapima upya. Kaliba igongwe kwenye mtutu mpya, na ile ya zamani isibaki ikisomeka popote kwenye bunduki.

Siku ya kuchukua, nenda mwenyewe na cheti. Muuzaji ataandika aina, kaliba na namba. Linganisha namba na chuma kabla ya kutoka dukani.

Hatua ya 9: Taarifa ndani ya siku 7

Wajulishe polisi waliotoa cheti kwa barua ya rejista au kwa njia ya mtandao wanayoikubali: umepokea 6.5, mtutu wa .243 umebaki kwa nani, tarehe, namba. Usimtegemee muuzaji kwamba ametuma yake. Wajibu wako ni wako. Hifadhi nakala ya barua pepe pamoja na stakabadhi ya mtutu wa zamani hadi uhuishaji unaofuata, kwa sababu hapo ndipo mtu atauliza .243 ilikwenda wapi.