Kuna mbwa, au mbwa yupo? Kusema kitu kipo na kiko wapi, kwa lugha sita

Mwanafunzi wangu mmoja, Mhispania aliyepanga Kisasa hapa Dodoma, aliandika kibao cha geti kwa mkono wake: "Mbwa mkali yupo." Kisarufi hakuna kosa. Ila kila mpita njia alikisoma kama vile amekuja kumuulizia huyo mbwa, naye anajibiwa asihofu, mwenyewe hajatoka. Alichotaka kuandika ni "Kuna mbwa mkali."

Ninafundisha Kiswahili kwa wageni na kutafsiri, na kosa la aina hii nalikuta kila mara, hata kwa Waswahili wanaojifunza lugha za nje. Hivi ndivyo ninavyolitibu. Tafuta meza na zabibu. Usipokuwa Dodoma, machungwa yanatosha.

Hatua ya 1: Msikilizaji anajua nini tayari?

Weka zabibu mezani. Akiingia mtu asiye na habari nazo, utamwambia, "Mezani kuna zabibu." Akiingia yule aliyekutuma sokoni, akazitafuta jikoni asizione, utamwambia, "Zabibu ziko mezani." Zabibu ni zilezile na meza ni ileile. Kwa wa kwanza, mahali panajulikana na kitu ndicho kigeni. Kwa wa pili, kitu kinajulikana na kinachotafutwa ni mahali. Usiguse kamusi kabla hujajibu swali hili.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye kitenzi

Katika "zabibu ziko mezani", zi- ni ya zabibu. Katika "mezani kuna zabibu", ku- ni ya mahali. "Kuna" ni ku- na -na, kama "nina" ilivyo ni- na -na. Yaani kwa Kiswahili, mahali pana kitu kama mimi nilivyo na kitu.

Hapa ndipo ninapokaa na mwanafunzi siku mbili tatu bila haraka, kwa sababu mahali pakishashika usukani, vitenzi vingine navyo vinafuata: "Uwanjani kumejaa watu." "Chumbani mmelala mtoto." Aliyezoea Kiingereza hulalamika kwamba mtoto ndiye aliyelala, chumba hakilali. Mwache alalamike, kisha mwambie atunge zake tano.

Tazama pia "hapana": ha-pa-na. Asili yake ni kusema mahali fulani hapana kitu. Leo tunaitumia kukataa chai. "Hamna" nayo imetoka kwenye mu- ya ndani, lakini ukiulizia sukari dukani Majengo utajibiwa "hamna", na hakuna anayefikiria ndani ya nini.

Hatua ya 3: Po, ko, mo

Hii haina mambo mengi. -po ni mahali mahususi, -ko ni eneo pana au pasipojulikana, -mo ni ndani. Kwa hiyo unauliza "ufunguo uko wapi?" na unajibiwa "umo mkobani." Angalizo moja tu: -po husimama peke yake kwa maana ya kuwepo. "Mungu yupo" imekamilika. Sema "Mungu yuko", na msikilizaji atasubiri umalizie wapi.

Hatua ya 4: Vusha zabibu

Sasa chukua zile sentensi mbili uone kila lugha inazitenganisha kwa kifaa gani.

Kihispania kina maneno mawili: *Hay uvas en la mesa* ni kuna zabibu mezani, *Las uvas están en la mesa* ni zabibu ziko mezani. *Hay* haibadiliki kwa umoja wala wingi, kama "kuna" yetu. Mtego upo kwenye matukio: mkutano kuwa mahali fulani unatumia *es*, si *está*.

Kichina nacho kina mawili. *Zhuōzi shang yǒu pútao* inaanza na meza. *Pútao zài zhuōzi shang* inaanza na zabibu. Hiyo *yǒu* ndiyo pia "kuwa na" kitu, kwa hiyo Mswahili anaingia hapa kama amefika kwao.

Kituruki kimegeuza njia. *Masada üzüm var* ni kuna zabibu mezani, *yok* ikiwa hamna. Ila hata kumiliki kunasemwa kwa *var*: "nina kitabu" ni *kitabım var*, kitabu changu kipo. Sisi tunalipatia tendo la kuwepo umbo la kumiliki; wao wanafanya kinyume.

Kirusi, kwa wakati uliopo, hakihitaji kitenzi. *Na stole vinograd*, mezani zabibu. *Vinograd na stole*, zabibu mezani. Mpangilio ndio unaofanya kazi yote.

Kijapani kinabakiza kitenzi kilekile na kubadilisha kijineno: *Tēburu ni budō ga aru*, halafu *Budō wa tēburu ni aru*. Lakini kwa mbwa *aru* haifai, ni *iru*, ya watu na wanyama. Usishangae sana, nasi tunasema mbwa yupo, gari lipo.

Hatua ya 5: Jaribu kwa watu

Andika vibao vitatu kwa lugha unayojifunza: cha geti, cha choo, na cha duka lililoishiwa unga. Mpe mwenye lugha yake asome, umtazame usoni kabla hajasema neno.

Mhispania wangu alifaulu vyote vitatu. Wiki iliyofuata alirudi kutoka safarini, na mzee jirani yake akamsalimu kwa mbali, "Upo?" Akatazama miguu yake, akafikiri, akajibu, "Nipo hapa, karibu na mti."

"Haya," mzee akasema. "Na sisi tupo."