Wiki moja Shelisheli kwa chombo cha kukodi: anza na pa kulala

Babangu alikuwa nahodha wa jahazi, akichukua boriti kutoka Lamu mpaka Bandari ya Kale, Mombasa. Siku nilipomwambia kwamba mimi na kaka yangu tumekodi katamarani, chombo cha matumbi mawili, Shelisheli, wiki nzima, chombo kitupu bila nahodha wala baharia, hakuuliza bei. Aliuliza, "Mtalala wapi?" Nikaanza kumtajia fukwe tutakazotembelea. Akanikatiza: "Mwanangu, kwenda hata gogo huenda. Nakuuliza mtalala wapi."

Nilimwelewa usiku wa pili wa safari. Ilikuwa Januari, tumetia nanga Anse Lazio, ufuo ulio kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Praslin, ule wanaouweka kwenye kila kalenda. Mchana palikuwa pazuri. Usiku mawimbi ya kaskazi yakaingia moja kwa moja, chombo kikalala huku na kuinuka kule, sufuria ya wali ikashuka sakafuni, wifi yangu akawa hana tena cha kutapika. Saa nane za usiku nanga ikaanza kukokota. Kuhama gizani kati ya miamba ni wazimu, basi tukaongeza mnyororo, tukawasha mashine ili kuipunguzia nanga mzigo, tukakesha zamu mpaka alfajiri. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimepanga safari kwa picha.

Mara ya pili nilipanga kwa njia ya babangu, na hiyo ndiyo ninayokuandikia.

Upepo kabla ya tiketi

Sisi wa pwani tuna bahati, kwa sababu misimu ya Shelisheli ni ile ile tunayoijua. Kusi huvuma tokea Mei hadi Septemba, kavu na lenye nguvu, na siku nyingine hufika maili 20 za bahari kwa saa au zaidi. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi, upepo wake ni mpole zaidi lakini unakuja na mvua, hasa Januari. Katikati yake, Aprili na tena Oktoba hadi Novemba, ndiyo tanga mbili: bahari imetulia, maji ni maangavu, ila siku nyingine utakwenda kwa mashine kwa kukosa upepo. Visiwa hivi vya ndani viko nyuzi 4 hivi kusini ya ikweta, nje ya njia ya vimbunga vinavyoisumbua Madagaska na Mauritius.

Kwa anayeanza, nasema Aprili mwishoni. Ila miezi mingine haikufungi. Praslin iko kaskazini-mashariki ya Mahé, kisiwa kikuu, kama maili 25 za bahari, na kusi hutoka kusini-mashariki huku kaskazi ikitoka kaskazini-magharibi. Maana yake, katika misimu yote miwili upepo unakupiga ubavuni, kwenda na kurudi. Hakuna haja ya kupiga bisho, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo. Aliyevipanga visiwa hivi aliwafikiria wenye matanga.

Sasa chukua ramani na kalamu mbili za rangi. Kwa rangi moja weka alama pa kulala wakati wa kusi: Anse Lazio, Beau Vallon kule Mahé, pande za kaskazini-magharibi zilizokingwa na milima. Kwa rangi ya pili weka pa kulala wakati wa kaskazi: Baie Sainte Anne, mashariki ya Praslin, na pande zinazotazama jua likichomoza. Kila usiku uwe na mahali pawili, pa kwanza na pa akiba, na pa akiba pasiwe mbali zaidi ya saa mbili. Ukishamaliza hapo, safari yako umeshaipanga nusu, na bado hujafikiria utaona nini.

Karatasi

Kukua baharini si cheti. Nilijua tanga la pembe tatu tangu nina miaka tisa, lakini sikujua lolote kuhusu mashine mbili zinazogeuza katamarani mahali pamoja, wala mota ya kupandisha nanga. Nilikwenda Cape Town kusoma kozi ya unahodha ya Day Skipper ya RYA, chama cha Waingereza cha vyombo vya matanga, siku tano majini. Kampuni tuliyokodi kwake ilitaka cheti hicho pamoja na karatasi ya kuorodhesha safari zangu: chombo gani, urefu gani, wapi, nilikuwa nahodha au msaidizi. Usitie chumvi kwenye karatasi hiyo. Yule anayekupokea gatini huona ndani ya dakika kumi kama unajua unachofanya, na akiwa na shaka atakuwekea nahodha wake kwa gharama yako.

Kama una shaka mwenyewe, mchukue nahodha huyo kwa siku mbili za mwanzo. Si aibu. Sisi mara ya pili tulifanya hivyo, tukajifunza zaidi ya nilivyojifunza kwenye kozi.

Soma mkataba mpaka maandishi madogo. Bei ya chombo ni mwanzo tu: kuna usafi wa mwisho, kiboti cha mpira na mashine yake, dizeli, ada za hifadhi, na amana inayoshikiliwa kwenye kadi ya benki. Yetu ilikuwa euro 3,000, na kadi ya kaka ilikataa kwa sababu benki yake ilikuwa na kikomo cha siku. Piga simu benki kabla hujaondoka nyumbani. Mikataba pia hukataza kusafiri usiku, na jua huko huzama kama saa kumi na mbili na robo hivi mwaka mzima. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Viza hawadai, hata kwa sisi, ila lazima uombe kibali cha kuingia mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Matunda mabichi na nyama usifungashe. Wanalinda visiwa vyao na wana haki.

Wiki ni siku tano

Vyombo hutolewa Jumamosi mchana na kurudishwa gatini Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi. Ukitoa siku ya kupokea na siku ya kurudi, unabaki na siku tano za kusafiri. Anayepanga visiwa tisa atavipita tisa.

Hivi ndivyo tulivyokwenda mara ya pili, Aprili. Usiku wa kwanza hatukwenda popote pa maana: kutoka Eden Island, kile kisiwa cha kujazwa udongo chenye gati za vyombo karibu na mji mkuu, Victoria, tulivuka tu hadi hifadhi ya bahari ya Sainte Anne. Iko mbele ya mji, ni hifadhi tangu 1973, na kuvua ni marufuku. Faida yake ni kwamba kitu kikiharibika usiku wa kwanza, fundi yuko karibu. Na kitaharibika. Chetu kilikuwa pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini ya chombo.

Asubuhi tuling'oa nanga saa kumi na mbili na nusu, saa tano na nusu tukawa Praslin. Tulilala kwenye ghuba ya Baie Laraie, kisiwa cha Curieuse kilicho jirani na Praslin, siku mbili, maana siku moja haitoshi. Kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra wanatembea wapendavyo, kuna njia ya mbao inayopita kwenye mikoko, na upande wa pili nyumba ya daktari iliyobaki tangu kisiwa kilipokuwa makao ya wagonjwa wa ukoma. Mlinzi wa hifadhi atakuja kwa boti kudai ada. Mwekee pesa tayari.

Kwa kisiwa cha La Digue nina ushauri ambao wengine watabisha. Bandari yake, La Passe, ni ndogo, unatakiwa kutia nanga omo, yaani mbele, na kufunga tezi, yaani nyuma, nchi kavu, na boti za abiria zinapita zikikutikisa. Sisi tulikiacha chombo Baie Sainte Anne, akabaki kaka aliyekuwa na kitabu chake, tukapanda boti ya abiria, dakika kumi na tano tu, tukakodi baiskeli. Magari ni machache mno. Ule ufuo wa mawe ya granaiti, Anse Source d'Argent, unaingia kwa kulipia kupitia shamba la L'Union. Fukwe za upande wa mashariki, kama Grand Anse, ni za kutazama tu wakati wa kusi, mkondo wake unachukua watu.

Bonde la Vallée de Mai liko Praslin kwenyewe, kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1983. Humo ndimo imo coco de mer, mbegu kubwa kuliko zote duniani. Usinunue bila karatasi ya kibali, watakunyang'anya uwanja wa ndege. Na ukitaka kuwaona ndege wa kisiwa cha Cousin, kumbuka kisiwani hapo huruhusiwi kushuka na kiboti chako. Walinzi wenyewe huja kukuchukua kwa boti yao, asubuhi za siku za kazi, ili panya asipate kupanda pamoja nawe.

Usiku wa mwisho lala karibu na gati. Sisi tulirudi Mahé Alhamisi.

Nanga

Hapa sitafupisha. Fika kabla ya saa kumi alasiri, jua likiwa bado juu, ili uone rangi ya maji. Samawati isiyokolea ni mchanga, kahawia ni mwamba au matumbawe, na jua likikukabili usoni huoni chochote, yote ni kioo. Mtu mmoja asimame omo akuonyeshe kwa mkono. Makelele hayasikiki, mkubaliane ishara mapema.

Tia nanga mchangani, kamwe si juu ya matumbawe. Kina cha mita 6 kinahitaji mnyororo wa mita 30, upepo ukizidi toa zaidi. Uliza siku ya kupokea mnyororo umepakwa rangi kila baada ya mita ngapi, vinginevyo unakisia. Rudi nyuma polepole kwa mashine mpaka mnyororo ukaze, kisha ongeza kidogo uone kama inashika. Katamarani ina kamba mbili zinazoungana kwenye mnyororo mfano wa hatamu. Zifunge, usiache mota ya nanga ibebe uzito usiku kucha. Halafu vaa miwani ya kuzamia, uende ukaiangalie nanga kwa macho yako. Nilipokuwa Anse Lazio mara ile ya kwanza sikuzamia. Asubuhi niliikuta imelala ubavu juu ya bamba la mwamba, haijachimba hata kidogo.

Maji ya kujaa na kupwa hayakusumbui kama ya kwetu. Mombasa wakati wa bamvua tofauti hupita mita 3, Mahé haifiki 2. Kiboti cha mpira, hata hivyo, kivutwe juu na kifungwe mtini. Cha majirani zetu tulikikuta kikielea peke yake.

Jambo dogo kwa wanaoswali: chombo kikiwa nangani huelekeza omo kwenye upepo. Wakati wa kaskazi kibla inakuwa karibu na omo, wakati wa kusi iko upande wa tezi. Dira iweke karibu na mswala, maana unaweza kuanza rakaa ya kwanza sawasawa na ukamaliza umegeuzwa.

Maji, chakula, choo

Tangi letu lilikuwa la lita 600. Watu watano, siku sita: lita 20 kwa mtu kwa siku, kuoga, kupika na vyombo. Tulikoga kwa maji ya bahari na kujisuuza kwa kikombe. Maji ya kunywa tulinunua kando. Vyakula vingi Shelisheli huletwa kwa meli na bei yake utaisikia. Samaki nunua soko la Victoria asubuhi, mchele na dengu beba vya kutosha, tangawizi iwe nyingi kwa ajili ya kichefuchefu. Pika mchana wakati umetia nanga. Wakati wa safari kila mtu ale kitu cha mkononi.

Choo cha chombo hakitaki chochote ambacho hukukila, karatasi iende kwenye ndoo. Tangaza hilo kwa wote kabla hamjaondoka gatini, na utangaze tena. Kaka yangu alitumia saa mbili za Jumatatu akifungua bomba, na mpaka leo aliyefanya vile hajajitokeza.

Siku ya kupokea chombo usione haya kuchelewa. Tweka tanga hapo hapo, lipunguze, litue. Washa mashine zote mbili, angalia kama maji ya kupoza yanatoka nje. Jaribu redio kwenye chaneli 16, ile ya dharura. Hesabu jaketi za kuokolea na uzivae, si kuzihesabu tu. Piga picha kila mkwaruzo ulioukuta, ndani na nje. Wakati wa kurudisha, mzamiaji wao atashuka kukagua chini, na zile picha ndizo zitakazozungumza kuhusu amana yako. Ijumaa jaza dizeli mapema mchana, kwa sababu vyombo vyote vinarudi jioni na pampu ni moja.