Posa imekuja na shangazi uko ughaibuni: namna ya kuusherehekea uchumba wa mtoto wa kaka

Kwetu Tanga shangazi haji kwenye posa kama mgeni. Huulizwa kabla jibu halijatoka, humfukiza binti udi, na neno lake husikilizwa hata na kaka aliyemzidi umri. Mimi naishi Reading, Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na mtoto wa kaka yangu amechumbiwa mwaka huu. Nawaandikia mashangazi, mama wadogo na wajomba wenzangu walio mbali, maana naona wengi tumejipunguzia kazi mpaka imebaki moja tu ya kutuma hela. Kazi zetu ni nyingi kuliko hiyo, na karibu zote unaziweza ukiwa huko huko uliko.

Anza kwa kunyamaza. Barua ya posa ikishapokelewa, hata kama imekuja na mshenga mwenye heshima zake na bahasha ina hela ndani, bado hapajawa na uchumba. Mshenga ameambiwa "tumeipokea, tutawaita," na ukoo umekaa kuulizana: hawa ni watu wa nani, wanaishije na majirani, kijana anafanya kazi gani. Usirushe picha ya barua kwenye grupu la WhatsApp wala usiandike hongera popote. Posa huweza kukataliwa, na ikikataliwa baada ya kutangazwa, maneno yote ya mtaa humwangukia binti.

Wakati huo wa kusubiri ndio wa kumpigia kaka yako. Piga, usimrundikie jumbe za sauti. Muulize kaka kama binti mwenyewe ameulizwa na amesema nini, kisha ukoo wa kijana unajulikana na nani. Kama una mtu wa Pangani au Muheza anayewafahamu, mtafute umuulize kwa adabu; huo ni mchango mkubwa wala hauhitaji shilingi. Na kama binti hajatimiza miaka 18, sema hapana, useme kwa sauti. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya umri huo vinakiuka Katiba. Hapo shangazi hatakiwi kuwa mpole.

Jibu likitoka ni la kheri, furahi sasa. Wapigie wazazi, halafu bibi, halafu binti, kwa mpangilio huo. Wifi yangu akizisikia hongera zangu kutoka kwa mtu mwingine hatasema kitu, ila ataliweka moyoni.

Sasa siku yenyewe ya kuvishwa pete. Usiulize tu "saa ngapi", uliza "baada ya sala gani". Wakikuambia baada ya alasiri, basi ni kuanzia kama saa kumi jioni, ambayo huku Uingereza ni saa saba mchana kipindi cha baridi na saa nane kipindi cha joto. Saa za huku hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, kwa hiyo shughuli ikiangukia karibu na siku hizo, hesabu upya. Watoto waliozaliwa huku waandikie saa ya huku kabisa, maana ukiwaambia saa kumi watasubiri mpaka usiku.

Simu ya video utakayoitazamia shughuli usimpe mama wa binti aishike. Ana wageni, ana vyungu jikoni, na kila mtu anamwita yeye. Chagua kijana mmoja mtulivu, mnunulie bando siku moja kabla, umwombe aiweke simu juu ya kabati ilale kwa upana. Simu inayozunguka mikononi itakuonyesha dari na mabega ya watu. Vigelegele na spika za kaswida vikianza hutasikia neno, kwa hiyo salamu zako zitolewe mapema, wageni wakishakaa tu na kabla ya pete. Ziwe fupi. Mimi nilisema hivi: "Assalaam alaykum wazee wetu. Mimi ni shangazi yake, dada wa baba yake. Nimeridhika, nimefurahi, na mtoto wetu nawakabidhi mumtunze kama mlivyotuomba. Karibuni nyumbani." Wazee wa upande wa kijana waliitikia, na mama mmoja akapiga kigelegele. Mtandao ukikatika usihangaike kupiga tena na tena. Kijana arekodi vipande vifupi akutumie usiku.

Kuhusu hela, tuma siku kadhaa kabla, kwa sababu kiasi kikubwa huweza kushikiliwa njiani kwa maswali. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, na uweke na ya kutolea, ili mtu asitoe mfukoni mwake kuipokea zawadi yako. Ipe kazi inayojulikana: mchele na nyama ya pilau, au halwa na kahawa ya wazee. Mahari, mkaja wa mama na kilemba cha baba ni mambo ya upande wa kijana, usiyaguse. Kiasi kingine mpe dada au binamu akibadilishe kwenye noti za 1,000 na 2,000 akutuzie binti mbele za watu, ataje wazi kwamba hizi ni za shangazi yake.

Zawadi yangu mimi ni kanga. Mtu wako akienda madukani Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, aifungue na akupigie picha ya jina kabla ya kulipa. Kanga nzuri yenye "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" ikivaliwa mbele ya wakwe italeta mtafaruku, lakini "Wema hauozi" haina ubaya wowote. Doti ikatwe na kupindwa kabisa, binti aivae siku hiyo hiyo. Kisutu, ile kanga ya bibi harusi, mwekee kwa ajili ya harusi. Keki na mapambo waachie vijana, wanayajua kuliko sisi.

Siku mbili tatu baadaye, wageni wakishaondoka na nyumba imetulia, mpigie binti peke yake. Simu hii naithamini kuliko zote. Muulize amefurahi kweli? Mahari ni haki yake yeye, je, aliitaja mwenyewe au alitajiwa? Wamezungumza na mwenzake kuhusu kazi yake, masomo yake, mahali watakapoishi? Sikiliza bila kukatiza. Akikwambia jambo zito, lipeleke kwa kaka kwa busara, kwa idhini ya binti. Kuna yanayomwia vigumu kuyatamka mbele ya mama yake, na shangazi ndiye wa kuambiwa.

Mwisho, mwombe kaka akutajie tarehe ya ndoa kabla haijatangazwa. Kwetu wengi hukwepa Ramadhani na kupanga Mfunguo Mosi au Mfunguo Pili, miezi miwili inayoifuata, na tikiti za likizo za shule za huku, mwezi wa saba na wa nane, ni ghali mno. Mimi likizo kazini lazima niiombe mapema, na nimeshamwambia kaka kwamba ndoa hii sitaitazama kwenye simu.