Kabla Chipu Hazijaadimika: Mambo ya Kuzingatia kwa Watengenezaji wa Vifaa vya Elektroniki

Anza na orodha ya vijenzi vya bodi yako ya saketi, na uanzie vile vya bei ya chini. Oktoba 2025, baada ya serikali ya Uholanzi kuingilia uendeshaji wa Nexperia, kampuni ya chipu iliyoko Uholanzi lakini yenye wamiliki Wachina, China ilizuia bidhaa za kampuni hiyo zilizofungashwa nchini humo zisisafirishwe nje. Honda ikalazimika kusimamisha kiwanda chake cha Celaya, Mexico. Zilizoadimika zilikuwa daiodi na transista za kawaida kabisa, za senti chache.

Kila kijenzi kiandikiwe mahali wafa yake (kisahani cha silikoni kinachokatwa kuwa chipu) inapotengenezwa, mahali chipu inapofungashwa na kupimwa, na mbadala wake. Jina la wakala halitoshi: ukinunua kwa mawakala wawili wanaochota kiwanda kimoja, bado una chanzo kimoja. Kiwanda cha chipu cha Renesas cha Naka, Japani, kilipoungua Machi 2021, wingi wa mawakala haukumsaidia mtu.

Mbadala ujaribiwe sasa, si siku ya upungufu. Pini zikilingana, bado pima volti, joto na kelele za umeme. Kwa maikrokontrola, yaani chipu inayoendesha programu ya kifaa, kuna kazi ya kuandika upya programu, na hiyo huchukua miezi. Mchora bodi aweke nafasi za vijenzi viwili tangu mwanzo, maana kuchora upya baadaye ni ghali zaidi.

Usitegemee viwanda vipya kupita kiasi. Kile cha TSMC, kampuni ya chipu ya Taiwan, cha Arizona, Marekani, kilianza na chipu za kisasa za nanomita 4. Hakimsaidii anayetafuta chipu za teknolojia ya zamani, za nanomita 40 au 90. Chipu za kumbukumbu nazo zichungwe kwa karibu: watengenezaji wanahamishia uwezo wao kwenye kumbukumbu za kasi za mitambo ya akili bandia, na DDR4, kizazi cha zamani cha kumbukumbu, inaachwa. Usibuni bidhaa mpya juu yake.

Sasa akiba. Wafa hukaa kiwandani takriban miezi mitatu, nyingine zaidi, kabla hata ya kufungashwa, kwa hiyo akiba ya wiki mbili haizibi pengo lolote. Baada ya tetemeko la Japani la 2011, Toyota iliwataka wagavi wake waweke chipu za miezi miwili hadi sita. Fuata kipimo hicho kwa vijenzi visivyo na mbadala, rezista ziache.

Lakini akiba huharibika. Chipu ya daraja la unyevu la 3 (kipimo cha jinsi chipu inavyoathiriwa na unyevu) ikishatolewa kwenye mfuko wake, ina saa 168 tu za kulehemiwa katika nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 60. Ikizidisha, maji iliyoyanyonya hugeuka mvuke kwenye tanuri la kulehemu na kuipasua kwa ndani, ufa usiouona kwa macho. Dawa ni kuikausha, mara nyingi kwa nyuzi 125, ila utepe wa plastiki unaobebea chipu hauhimili joto hilo: hamishia chipu kwenye trei, au tumia joto dogo kwa siku nyingi.

Taarifa za kusitisha uzalishaji kwa kawaida hutoa miezi 6 ya kuweka oda ya mwisho. Zielekezwe kwenye anwani ya idara, zisipotelee kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyeondoka.

Ukilazimika kununua nje ya mawakala rasmi, sugua maandishi ya chipu kadhaa kwa pamba yenye asetoni, kimiminika kinachoyeyusha rangi. Rangi nyeusi ikibaki kwenye pamba, uso umepakwa upya; rudisha shehena yote.