Kupitisha alama za vidole za polisi ndani ya VPN: kutoka skana ya kituoni hadi seva kuu

Nywila ikiibwa unaibadilisha. Kidole hakibadilishwi. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6 zilikuwa zimeibwa kutoka ofisi yake ya utumishi, na wadukuzi hao waliingia kwa nywila halali ya mkandarasi. Ndiyo maana nasema mapema: VPN (mtandao binafsi uliosimbwa unaopita juu ya intaneti) inalinda njia kati ya skana na seva ya ulinganishaji, hailindi ncha zake. Ukiweka VPN kisha ukaamini kila kilichomo ndani yake, hujafanya kitu.

Hapa natumia IPsec, aina mojawapo ya VPN, kwa programu ya strongSwan kwenye Linux. WireGuard, aina nyingine, ni nyepesi na naipenda, lakini sera ya usalama ya CJIS, kitengo cha FBI cha taarifa za haki jinai, na nyingine zinazoifuata, zinataka usimbaji fiche uliothibitishwa kwa kiwango cha serikali ya Marekani cha FIPS 140, na njia ya usimbaji ya ChaCha20 inayotumiwa na WireGuard haimo humo.

Hatua ya 1: Kila mashine na cheti chake

Usitumie neno la siri moja kwa vituo vyote. Tengeneza ufunguo wa faragha ndani ya mashine yenyewe, kisha peleka makao makuu ombi la cheti tu (kitambulisho cha kidijitali cha mashine). Ufunguo usisafiri kwa barua pepe wala kwa flashi. Kwenye lango kuu (mashine ya makao makuu inayopokea VPN) weka `revocation = strict`, ili cheti ambacho haijulikani kama kimebatilishwa kikataliwe badala ya kupitishwa kwa huruma.

Hatua ya 2: Finya njia

Kwenye usanidi wa kituo:

```
version = 2
proposals = aes256gcm16-prfsha384-ecp384
esp_proposals = aes256gcm16-ecp384
remote_ts = 10.20.0.5/32
start_action = trap
```

(Mistari miwili ya kwanza hukaa kwenye muunganisho, iliyobaki kwenye sehemu ya `children`.) Anwani hiyo ni ya seva moja tu. Nimeona watu wakiweka mtandao mzima wa makao makuu "ili isisumbue baadaye", na hapo skana iliyoshikwa na virusi inapata njia hadi kompyuta za uhasibu. `trap` nayo inahakikisha data inayoelekea kwenye seva haitoki wazi VPN ikiwa imekatika: inasubiri muunganisho, au inadondoshwa.

Ukuta-moto wa kituo uruhusu UDP 500, UDP 4500 na ESP (pakiti zilizosimbwa za IPsec) kwenda kwenye lango kuu, basi. Ndani ya VPN fungua SFTP (utumaji wa faili uliosimbwa) na ping. Intaneti ya kawaida haina kazi kwenye mashine ya skana. Na ndiyo, SFTP juu ya VPN: usimbaji wa IPsec unaishia langoni, na kutoka hapo hadi kwenye seva faili lingekuwa uchi.

Hatua ya 3: Ukubwa wa pakiti

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Muunganisho unaanzishwa vizuri, utafutaji wa namba ya mtuhumiwa unajibu mara moja, lakini faili la vidole kumi linaganda katikati. Kadi nzima ya vidole kwa ubora wa nukta 500 kwa inchi ni kama megabaiti 10 ghafi. Ikibanwa kwa WSQ, umbizo la picha za alama za vidole, kwa uwiano wa 15 kwa 1, inashuka chini ya megabaiti moja. Si faili kubwa, ila linajaza pakiti hadi ukingoni. IPsec inaongeza vichwa vyake juu, pakiti inazidi kipimo cha njia, na ruta fulani katikati inaitupa bila kutoa taarifa.

Pima:

```
ping -M do -s 1372 10.20.0.5
```

Hiyo ni pakiti ya baiti 1400. Isipopita, punguza hadi ipite, kisha ondoa 40 kwenye ukubwa uliopita na utumie jibu kama kikomo cha TCP. Kwa 1400:

```
tcp flags syn tcp option maxseg size set 1360
```

Weka kanuni hiyo kwenye nftables (ukuta-moto wa Linux), kisha jaribu kwa kadi kamili ya majaribio. Maandishi mafupi hayathibitishi chochote hapa.

Hatua ya 4: Kata, kisha tazama

Washa `tcpdump`, programu ya kutazama pakiti, kwenye ruta iliyo mbele ya mashine, tuma kadi, halafu zima lango kuu katikati ya utumaji. Kusionekane pakiti hata moja yenye anwani 10.20.0.5. Ukipima kwenye mashine yenyewe utaona pakiti zinazoingia zikiwa wazi. Usishtuke, Linux inazionyesha tena baada ya kuzifungua.

Hatua ya 5: Fanya kana kwamba laptopu imeibwa

Batilisha cheti cha mashine moja ya majaribio. Muunganisho wake uliokwisha kuanzishwa utaendelea kuishi, maana IKEv2 (sehemu ya IPsec inayokubaliana funguo) ikibadilisha funguo haikagui cheti upya. Tafuta namba yake kwa `swanctl --list-sas`, ikate kwa `swanctl --terminate --ike-id` na namba hiyo, kisha iache ijaribu kurudi. Ikikubaliwa, lango bado linashikilia orodha ya zamani ya vyeti vilivyobatilishwa: iondoe kwa `swanctl --flush-certs`, kisha punguza muda wa uhai wa orodha unazotoa.