Namna ya kuunda jamii ya kubuni yenye utawala wa kutisha kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria

Nasoma sana stori za vijana wetu za dunia mbovu ijayo na kila mara nakuta ukuta wa zege, kamera kila kona, jangwa, na mtawala mmoja mwenye suti nyeusi. Jangwa la nini jamani na sisi tupo Mwanza, tuna ziwa la kilomita za mraba kama 68,800 hapo mlangoni, lina visiwa vya kila aina, vingine vina watu wengi kuliko mtaa wako na vingine ni mwamba tu na ndege. Distopia yako, yaani hiyo dunia mbovu ya kubuni, iweke hapo. Ntaeleza ninavyowafundisha wadogo zangu wanaoandika, chukua kinachokufaa.

Kitu cha kushika kabla hujaandika hata sentensi moja: utawala mbovu hauji na bunduki siku ya kwanza, unakuja kama jibu la shida ya kweli na watu wenyewe wanaupigia vigelegele. Kwahiyo tafuta shida kwanza, dikteta atajitokeza mwenyewe baadae.

Shida utaipata kwenye ardhi. Kama nauli ipo panda meli nenda Ukerewe, kama haipo nenda Mwaloni Kirumba kaa na wanaoshusha magunia ya dagaa, waulize kisiwani kinachoisha kwanza ni nini. Usije ukaandika watu wanakufa kiu katikati ya ziwa, msomaji wa Musoma au Bukoba atafunga stori yako hapo hapo. Maji yapo, ubaya wake ni kichocho na magonjwa ya tumbo. Kinachokosekana visiwani ni kuni, mana kubanika samaki kunakula miti balaa, alafu inafuata chumvi, dawa, mafuta, nyavu, na netiweki ambayo sehemu nyingine mpaka upande mwamba ndo uipate. Chagua kimoja tu kati ya hivyo, anayekishika huyo ndo serikali yako.

Angalia Ukara, kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe chenye watu wengi sana kwa ukubwa wake. Wakara tangu zamani wanafuga ng'ombe ndani, wanawakatia majani na kuwaletea, samadi inakusanywa inapelekwa shambani, na miti ina wenyewe, huwezi tu kwenda kuchanja kuni popote. Ni akili kubwa ile na imewalisha watu vizazi na vizazi. Sasa wewe mwandishi jiulize, ingekuaje kama kila mti na kila ndoo ya samadi ingeandikwa kwenye daftari la mtu mmoja? Umeshapata kitabu kizima hapo.

Swali la pili, hao watu wa kisiwa chako walihamia kwanini? Hapa wengi wanaandika "vita vilitokea" wanapita, wakati historia ya ziwa hili imejaa sababu nzuri kuliko hiyo. Kuanzia 1961 mpaka 1964 maji ya ziwa yalipanda zaidi ya mita 2, fikiria mashamba ya ukingoni na nyumba zilizokua pale. Upande wa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1900 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kwenye mwambao na visiwa vya Sese. Miaka ya 1950 watu wa sehemu zilizobanana za Usukuma walikua wanahamia Geita baada ya mapori kufyekwa ili mbung'o waondoke. Alafu ikaja Operesheni Vijiji, 1973 ikatoka amri kwamba mpaka mwisho wa 1976 kila mtu wa kijijini awe anaishi kwenye kijiji kilichopangwa, na kama una babu muulize maana wengine walibebwa kwenye malori na vyombo vyao. Kila tukio hapo lina mtu aliyeamini anawasaidia wenzake. Huyo muandike vizuri, mpe sababu zake zote, usimfanye katuni.

Na makazi mapya lazima yawe na ramani iliyochorwa na mtu ambaye hajawahi kulala pale. Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa kule Dodoma 1947, matrekta yakaletwa kwa mamia, ila mvua ya pale haitabiriki na udongo ukikauka unakua kama sementi, 1951 wakauacha. Wagogo wa eneo lile walikua wanajua mvua yao ilivyo. Kwahiyo kwenye kisiwa chako weka kosa moja la kwenye karatasi ambalo kila mkazi analiona na hakuna anayeruhusiwa kulitaja, mfano zahanati imejengwa upande wa upepo ambao boti haliwezi kutia nanga nusu ya mwaka.

Pia usiseme ardhi ilikua tupu. Hakuna ardhi tupu. Rubondo unayoisikia leo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kabla ya hapo kulikua na watu, wakahamishwa, miaka hiyo ya 1960 wakaletwa sokwe kutoka Ulaya wakaachiwa msituni. Kwenye stori yako wenyeji waliokuwepo wako wapi? Wamehamishwa, wamemezwa, au wanaishi kule nyuma ya kilima na watoto wa walowezi wanaambiwa wasipite kule? Jibu hili kabla ya ukurasa wa kwanza hata kama halitaandikwa popote.

Sasa nikuonyeshe mfano mmoja mpaka mwisho, huu ninaupenda. Kisiwa cha kubuni, kaya 60, watu kama 350, mitumbwi 20 ya dagaa. Dagaa anavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa watu wanapumzika wanashona nyavu, kwahiyo maisha yote ya kisiwa yanafuata giza na mbalamwezi. Mwaka wa kwanza inakuja dhoruba, mitumbwi mitatu inazama, na inachukua siku mbili kujua nani hajarudi mana hakuna aliyeandika nani alitoka. Kilio kikubwa. Baada ya msiba wanakaa kikao wanakubaliana taa zote zilale ofisi moja, jioni unasaini unachukua, asubuhi unarudisha, taa isiyorudi boti linaenda kutafuta. Sheria nzuri kabisa, mimi mwenyewe ningeipigia kura. Mwaka wa tatu mwenye deni hapewi taa mpaka alipe. Mwaka wa sita aliyebisha kwenye mkutano anaambiwa taa yake ina hitilafu. Mwaka wa 15 kijana anayetaka kuoa anaulizwa namba ya taa. Ona, hakuna aliyepigwa risasi na kisiwa kizima kimeshafungwa.

Ukifika kwenye kuandika tukio lenyewe, liweke chini kabisa, kwenye mchanga. Mama anageuza dagaa kwa fagio, wingu limeanza kukusanyika upande wa Ukerewe na dagaa wakilowa bei yao ndo imekufa. Balozi wa nyumba kumi anakuja.

"Shikamoo mama Kulwa."

"Marahaba baba, karibu."

"Taa ya Doto leo itabaki ofisini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka giza lijalo."

Mama anaendelea kufagia, anaanza kuwakusanya dagaa kabla mvua haijafika, na balozi anavua viatu anainama kumsaidia. Acha hivyo hivyo. Msomaji anajua giza lijalo ni karibu mwezi mzima bila chakula, na balozi anajua, na ni jirani aliyembeba Doto mgongoni akiwa mdogo. Ukimpa huyo balozi sauti ya kikatili umeharibu kila kitu.

Kwa ulinzi hauhitaji kamera. Tunao balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU miaka ya 1960, kaya 60 ni mabalozi 6 na wanajua nani kapika nini. Na soma habari za sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku Usukumani na Unyamwezini wananchi wenyewe walijipanga kuzuia wizi wa ng'ombe na ujambazi, ng'ombe wakapatikana, watu wakalala usingizi, alafu sehemu nyingine nguvu ile ile ikageuka faini, kutengwa, mpaka kuwaandama bibi zetu kwa kuwaita wachawi. Inauma kuisoma ila mwandishi lazima ajue kitu kizuri kinapindia wapi.

Kuhusu mwisho sina mengi, ila usimlete shujaa anayechoma ofisi usiku mmoja kila kitu kikaisha. Mtu mmoja kujifunza kuvua bila taa inatosha sana, au karani mmoja kuacha mstari wazi kwenye rejista.

Ukimaliza kurasa kumi za kwanza usinitumie mimi wala rafiki zako wa chuo, tafuta mvuvi mkamsomee pale anaposubiri mzigo. Atakuuliza mbona hawa hawatoki kutega sato kwa nyavu, sato haihitaji taa. Kama huna jibu rudi nyumbani ulitafute, labda nyavu nazo zinatoka ofisi ile ile, labda sato waliisha mwaka wa nane, na hilo jibu ndo sura yako ya pili.